Duka la kanga la Barabara ya 8, Ngamiani: narudisha jina nililolichafua

Naandika haya kwa ajili ya duka moja la kanga hapa Tanga mjini, na ni haki nitangulize kusema kwamba nina deni kwake. Mwaka jana, wiki moja baada ya Maulidi ya Mfunguo Sita, niliwaambia wenzangu wa kikoba kuwa duka hilo linauza kanga za kuchuja. Haikuwa kweli. Maneno yakatembea, wateja wakapungua, na mimi nikakaa miezi minne nikiamini nimesema la haki. Basi naomba haya yasomwe hasa na waliolisikia lile la kwanza.

Duka liko Ngamiani, Barabara ya 8. Usitafute kibao, hakipo. Tafuta mlango wa mbao wa kijani wenye mabawa mawili, na mbele yake benchi refu lililowekwa juani makusudi. Kizingiti kiko juu. Mwenye magoti mabovu aombe mkono. Ndani ni chumba kimoja chembamba, rafu mpaka darini, na doti zimepangwa kwa majina, si kwa rangi. Yale maandishi ya kwenye kanga sisi tunayaita jina, na Bi Mkubwa, mwenye duka, ameyagawa kama mtu anavyogawa wanafunzi madarasani. Za mapenzi upande wa kushoto. Za wazazi na shukrani kulia. Za dua karibu na meza yake. Vijembe vyote viko juu kabisa, lazima uombe uteremshiwe.

Bi Mkubwa ana miaka sabini na ushei, mjane wa maalim aliyesomesha chuo cha Kurani mtaa huohuo. Ukutani nyuma yake kuna kanga moja kuukuu ya mama yake, imefifia mpaka nyekundu imekuwa kama tofali, na pembeni bado inasomeka "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Haiuzwi. Ukimuuliza kwa nini ameitundika, anakwambia mwenye kuandika jina lake kwenye mali amekubali kurudishiwa.

Sasa nieleze anavyouza, maana hapo ndipo penyewe.

Ukichagua doti, hakupi ikiwa imekunjwa. Anatoka nayo mpaka kwenye benchi, anaikunjua yote juani, vipande viwili bado vimeshikana. Anapitisha kiganja kutoka pindo mpaka pindo, taratibu, kama mtu anayemtafuta mtoto homa. Anapima kwa futi ya fundi, kwa sababu kanga ya haki huwa kama sentimita 110 kwa 150 kila kipande, na siku hizi zimeingia zilizopunjwa, ukijifunga inakuachia mguu. Anatazama kama mji, ile sehemu ya ndani ya pindo, umekaa katikati au umekimbilia upande mmoja. Anatazama kama pindo la juu linalingana na la chini. Kisha anasoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, maana kuna kanga zinachapwa jina limekosewa na mtu anagundua akiwa shughulini, kesho yake mtaa mzima unalisoma mgongoni kwake.

Halafu anachovya kitambaa cheupe kwenye kibakuli cha maji, anakikamua, anasugua nacho pembe ya doti mara kumi. Anakionyesha. Kikiwa kimeshika rangi, anasema kimeshika, na anakwambia uiloweke maji ya chumvi usiku mzima kisha uifue peke yake mara tatu. Kikiwa cheupe, anakiacha mkononi mwako ukitazame mwenyewe. Mwisho anachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta unajikunja na kuganda, unabaki kichembe cheusi kigumu. Ikiwa kanga ni mchanganyiko atasema ni mchanganyiko, na bei inashuka hapohapo kabla hujafungua mdomo.

Akimaliza anachukua sindano na kupiga fundo la uzi mweupe kwenye pembe ya chini, upande wa kulia. Fundo dogo, kama punje ya mchele. Ndiyo alama yake kwamba nguo hii imekaguliwa na yeye ameisimamia. Hatangazi alama hiyo, wala mimi sikuwa nimeitilia maanani.

Karibu na mlango kuna kapu la ukili, na humo zimo kanga zenye ila. Moja ina tundu la ukubwa wa dengu, nyingine rangi imedondokea mji, nyingine jina limepinda. Kila moja imekunjwa ili ile ila iwe juu kabisa, ya kwanza kuonekana. Mimi nimezoea kuona wauzaji wakiikunja ila ndani. Nilipomuuliza, akanisimulia kisa alichokuwa akikisomesha marehemu mumewe. Mtume alipita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la nafaka la mfanyabiashara, vidole vikatoka vimelowa. Akauliza, hii ni nini? Yule akasema imenyeshewa. Mtume akamwambia, basi kwa nini hukuiweka juu watu waione? Anayeghushi si katika sisi. Bi Mkubwa alisimulia huku akigeuza doti moja ili lile tundu likae sawasawa katikati.

Na duka la namna hiyo ndilo nililolisingizia.

Ilikuwa hivi. Siku moja nilinunua doti mbili nyekundu. Ya kwanza kwa Bi Mkubwa. Ya pili nikiwa narudi, kwa kijana mmoja wa kutembeza nguo begani maeneo ya Soko la Mgandini, kwa bei nusu. Zilifanana mno, pindo la korosho zote mbili. Nikafika nyumbani nikaziweka pamoja kitandani. Alhamisi mjukuu wangu, kwa nia ya kunisaidia, akaitumbukiza moja kwenye beseni lenye kanzu nyeupe ya babu yake. Kanzu ikatoka na rangi ya juisi ya ukwaju iliyokolea maji. Ijumaa mume wangu akaenda msikitini na shati.

Jumapili tukakutana kikoba. Tuko wanawake 24. Nikasema maneno haya, nayakumbuka kama nilivyoyasema: "Lile duka la Bi Mkubwa zuri, lakini kanga zake zinachuja." Sikuongeza neno. Sikusema nilinunua sehemu mbili siku hiyo. Kichwani mwangu kanga ilikuwa ya Bi Mkubwa, basi.

Mwenzetu mmoja alikuwa anaozesha binti na alikwishapanga sare ya doti 40 pale. Akazihamishia kwingine. Wiki ya tatu niko kwenye daladala ya kutoka Makorora, nikamsikia mama mmoja nisiyemjua akimwambia jirani yake kuwa Barabara ya 8 kuna duka linauza kanga za mtumba zilizotiwa wanga zionekane mpya. Niliposikia sikushtuka. Nilijisemea, kumbe hata wengine yamewakuta. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote, kwamba neno langu mwenyewe lilinirudia likiwa limenenepa, nami nikalichukua kuwa ushahidi.

Mwezi wa kwanza, nimekaa uani, napinda ile doti iliyobaki. Nafika pembe ya kulia, sindano ikakwama kwenye kitu. Fundo la uzi mweupe. Nikanyanyuka, nikaenda jikoni, nikaitafuta ile iliyochuja, ambayo kwa wakati huo ilikuwa tambara la kuepulia sufuria. Nikatazama pembe zote nne. Hakuna fundo, wala kitundu cha sindano. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Jumamosi nikaenda. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kitako kwenye benchi. Nikamweleza yote tangu mwanzo, kanzu, kikoba, sare ya doti 40, daladala. Alinisikiliza bila kunikatiza, vidole vinakunja kitambaa na kukikunjua. Nilipomaliza akauliza, "Kanzu ilitakata?"

Nikasema haikutakata.

"Pole," akasema. Kisha, baada ya muda, "Mwalimu, wewe umesomesha Kiswahili. Kashfa ni nini?"

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31. Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi, kwamba kashfa ni jambo la aibu linalomvunjia mtu heshima mbele ya watu. Jibu la kupata maksi zote. Akatikisa kichwa, akasema hiyo ndiyo inayofuata, lakini neno lenyewe linasemaje? Akanieleza alivyosikia kwa mumewe miaka yote akisomesha watoto barazani. Kashfa ni kufunua. Kashafa, kwa Kiarabu, ni amefunua, ameondoa kilichofunika. Ukiinua kawa juu ya sahani ya wali umefanya kashfu.

Niliporudi nyumbani nililifuatilia, kwa sababu mwalimu hata akistaafu hawezi kulala na neno nusu. Ni hivyo hasa. Mzizi ni herufi tatu, kaf, shin na fa, na huko kwao neno halina ubaya wowote ndani yake. Daktari akimpima mgonjwa, Waarabu husema amemfanyia kashfu. Maskauti wao wanaitwa kashafa, kwa kuwa wanatangulia kwenda kufunua kilicho mbele. Watu wa tarika za Kisufi hutumia neno hilohilo kwa pazia linaloondolewa moyoni mtu akaona yasiyoonekana. Hilo la mwisho ni cheo kikubwa.

Lilipovuka bahari na kukaa kwetu likabaki na upande mmoja tu, kufunua kile ambacho mwenyewe angependa kifunikwe. Kukashifu mtu, kwa Kiswahili cha leo, ni kumsema vibaya hadharani. Magazeti nayo yamelichukua kwa mambo ya wakubwa. Wengi wetu tunaikumbuka kashfa ya Richmond, ile ya mkataba wa umeme wa dharura, kamati ya Bunge ilipotoa taarifa yake na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008. Hapo naona neno limerudi karibu na asili yake, mfuniko umeinuliwa na nchi ikachungulia sufuria yake yenyewe.

Lakini mimi ninalolipenda zaidi ni kinyume chake. Kinyume cha kashfa ni sitara, nalo ni la Kiarabu, satara, amefunika. Tunasema Mungu tusitiri. Tunasema nyumba hii ndogo lakini inatusitiri. Tunasema nguo ya kuazima haisitiri. Na kanga ni nini kama si sitara? Mama anajifungua imeshikiliwa kanga. Mtoto anabebwa kwa kanga. Usiku mtu akigongewa mlango anavuta kanga kabla ya taa. Na mtu akifa, kabla ya sanda, anafunikwa kanga, kisha anaingia mwosha, na tunajua msemo, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha anaona yote na anatoka hasemi. Bi Mkubwa ameosha maiti wengi wa kike mtaa huu, na hili nimeambiwa na wengine, si na yeye.

Nirudi kwenye benchi. Nilimwambia, basi Bi Mkubwa, mimi nimekukashifu. Akanikatalia. Akasema kashfa ni kufunua kilichopo. Mtu akiwa na kidonda ukamwinua nguo watu wakakiona, umemkashifu, na umefanya vibaya, ila kidonda kipo. "Wewe hukufunua kitu kwangu, mwanangu. Ulinibandika. Hiyo inaitwa buhtani."

Neno hilo nilikuwa nalijua la mawaidha ya Ijumaa, sijawahi kulibeba mgongoni. Ukimsema mtu kwa lile alilonalo asilolipenda lisemwe, umemsengenya. Ukimsema kwa asilokuwa nalo, ni buhtani, uzushi. Watu tunajitetea kwa kusema "mbona nimesema kweli tu", na mimi nisingeweza hata kujitetea hivyo.

Hapa niseme kidogo juu ya maneno mengine, maana tangu siku ile nayaona kwa jicho jingine. Aibu, ambalo kwetu ni hisia ya uso kuinama, asili yake ni ila ya kitu. Katika sheria ya biashara ya Kiislamu aibu ni tundu kwenye nguo, ufa kwenye chungu, kilema cha mnyama, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana hiari ya kurudisha mali na kurudishiwa fedha zake. Kwa hiyo lile kapu la ukili mlangoni ni kapu la aibu kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, na zimewekwa juu, na hakuna anayeinama uso. Kuumbua, hilo ni letu la Kibantu, ni umba likageuzwa, kama funga na fungua, ziba na zibua. Mtu aliyeumbuka ni kama amefumuliwa lile umbo watu walilokuwa wakimjua nalo. Na soni ni la kale zaidi. Wazigua wanalo, Wakamba wanasema nthoni, Wakikuyu thoni, Waganda ensonyi, maana yake ileile, aibu ya mtu mwenye adabu.

Lakini neno lililonikamata mimi ni walakini. Tunasema "yule bwana mzuri, ila ana walakini." Kwa Kiarabu ni kiunganishi tu, na lakini. Hakina nyama. Kwetu kimekuwa nomino, kimekuwa doa, mtu anakuwa nacho kama anavyokuwa na kovu. Na mimi nilipolichafua lile duka sikutumia tusi. Nilisema zuri, lakini. Neno dogo la sarufi, nililolifundisha kidato cha kwanza miaka yote hiyo, ndilo lililofanya kazi.

Sasa nirudi kwenye huduma, kwa sababu mtu anayesoma anataka kujua kama aende au asiende.

Bei ni za kawaida za mjini. Doti ya pamba niliyonunua juzi shilingi 13,000, ya mchanganyiko 9,000, za kapuni kuanzia 6,000 kutegemea ila. Kisutu ya bibi harusi, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni 16,000 na mara nyingi anayo. Analipwa kwa fedha taslimu au simu. Hakopeshi, hata ukiwa jirani, na anasema hivyo mapema ili usijisumbue kuzunguka na maneno. Mishono ya kukata na kupinda anaipeleka kwa fundi wa jirani, shilingi 1,500 doti, unaipata kesho yake.

Yapo ya kuboreshwa. Ndani pana giza, na siku ya mvua benchi halitumiki, kwa hiyo ukaguzi wote ule unafanyika mlangoni kwa kubanana. Miundo mipya inachelewa. Ukitaka kanga iliyotoka wiki hii Dar es Salaam utaikuta kwingine kwanza. Anafunga adhuhuri mpaka saa tisa, na Ijumaa akifunga saa tano hafungui tena. Na ukiwa na haraka hutampenda. Doti moja inaweza kukuchukua robo saa, nimeona watu wakiondoka. Mimi mwenyewe zamani nilikuwa nasema "nipe tu, Bi Mkubwa, mimi nakuamini", na yeye hakuwahi kunipa tu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba atakuuliza unamnunulia nani. Wengine wanaona ni kuingiliwa. Siku niliyokwenda kuomba radhi aliingia binti mmoja, hajafika ishirini na tano, uso umevimba kwa kulia, akataka doti fulani ya juu, moja ya vile vijembe vikali juu ya jirani mwenye mdomo. Bi Mkubwa akaiteremsha bila ubishi, akatoka nayo mpaka juani, akaikagua yote kama kawaida, futi, kitambaa, uzi, kiberiti. Kisha akamwambia, "Haya mwanangu, nisomee jina, macho yangu yamechoka." Binti akaanza kusoma kwa sauti. Alifika katikati akanyamaza. Mama muuza vitumbua wa ng'ambo alikuwa ameshageuka kutazama. Binti akasimama kidogo, akauliza kama ipo nyingine ya rangi hiyohiyo yenye jina la dua. Ipo. Akanunua hiyo. Bi Mkubwa hakumwambia lolote, akapiga fundo lake jeupe, akampa chenji.

Kwetu Tanga mtu akizuliwa jambo ana haki ya kwenda kusuta. Wanawake wanajikusanya, wanavaa, wanakwenda mpaka mlangoni kwa aliyesema, mchana kweupe, wanamuuliza mbele ya watu, ulisema hukusema? Pengine na ngoma. Ni jambo zito, watu wamehama nyumba kwa kusutwa. Nilimwambia Bi Mkubwa kwamba kama atataka kuja kunisuta kikobani, aje, nitakuwepo, sitakana. Akasema umri wake umepita wa kufunga kibwebwe kwa ajili ya hayo. "Ulikosema ndiko ukaseme."

Basi Jumapili iliyofuata nilikwenda na zile kanga mbili, iliyochuja na isiyochuja. Kabla hatujahesabu hisa niliomba kusimama. Nikazikunjua mbele yao mkekani, nikawaonyesha pembe yenye fundo na pembe isiyo na kitu, nikawaambia nilinunua sehemu mbili, nikasema hii siijui tena hata kijana aliyeniuzia, na hii ya Bi Mkubwa imeoshwa mara saba na maji yake ni meupe. Nikasema kuwa nilizua. Ilikuwa kimya. Mmoja akauliza, kwa hiyo kanzu je? Watu wakapumua. Yule aliyeozesha binti alikuwa amekaa karibu na mlango, hakusema kitu, akawa anapitisha kidole kwenye lile fundo, mbele na nyuma. Sare yake ya doti 40 ilikwishavaliwa, harusi imekwisha, hakuna wa kuirudisha.

Mpaka leo ninapoandika, tisa kati ya wale 24 wamekwenda dukani. Nimewahesabu kwa sababu Bi Mkubwa ananitajia. Wengine bado. Yule mama wa daladala ya Makorora sijui nimpate wapi. Ndiyo maana nimeyaandika huku, kwa jina la mtaa na rangi ya mlango.

Jumamosi ninakwenda tena, mjukuu wangu huyohuyo anaolewa Mfunguo Tatu na tunahitaji doti 32 za sare, na kisutu moja. Tumekubaliana na Bi Mkubwa tugawe siku mbili, kumi na sita na kumi na sita, kwa sababu kila moja itakunjuliwa. Nimemwahidi kumshikia upande wa pili wa benchi.